Mtoto anayependa redio za mbali aanzie wapi?

Dada, umeeleza kwamba mwanao wa miaka 12 hapo Tanga hukesha akitafuta stesheni za mbali kwenye redio ya babu yake, na unauliza kama umruhusu kuingia katika redio ya ridhaa, yaani burudani ya watu binafsi kuzungumza wao kwa wao kwa redio, si kwa biashara. Mruhusu. Mimi nilianza nikiwa na umri kama wake, na mapenzi hayo hayajapungua hadi leo.

Aanze kwa kusikiliza. Mtafutie redio ya masafa mafupi inayopokea SSB, njia ya kurusha sauti inayotumiwa sana na wanaridhaa, kwa sababu katika redio ya kawaida mazungumzo yao husikika kama bata analia. Mchana ajaribu megahezi 14.0 hadi 14.35, usiku 7.0 hadi 7.2, waya wa mita 10 uliotandazwa nje unatosha, na kila stesheni aiandike daftarini pamoja na saa na alama yake ya mwito (herufi na tarakimu zinazoitambulisha), ambayo kwa Tanzania huanza na 5H na kwa Kenya 5Z.

Ninachokihofia zaidi ni waya huo: usipite kamwe karibu na nyaya za umeme, na uchomolewe kabla ya radi kukaribia. Antena ya juu ya paa mwachieni fundi. Kurusha mawimbi ya redio bila leseni ni kosa kisheria, kwa hiyo ulizeni kwanza masharti TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.