Gari Linavuma? Kabla ya Kubadilisha Baringi, Papasa Matairi

Gari langu nililinunua likiwa tayari limevalishwa rimu za inchi 17, na rimu hizo ndizo zilizoniponza. Likisimama lilipendeza. Likitembea, kila kishimo nilikisikia hadi kwenye meno, na nikifika kasi ya 80 lilivuma kama mashine ya kusaga. Fundi wa kwanza alisikiliza kidogo akasema baringi ya nyuma, ile inayolifanya gurudumu lizunguke kwa urahisi. Tukabadilisha. Mvumo ukabaki palepale, mfuko wangu ndio uliotulia.

Aliyenifungua macho ni fundi wa matairi, kijana asiye na maneno mengi. Aliniambia nipitishe kiganja juu ya kashata za tairi la nyuma (vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara), niende upande mmoja halafu nirudi. Kwenda, laini. Kurudi, kila kashata ikanikwaruza kama jino la msumeno. Hayo meno ndiyo yaliyokuwa yakipiga lami na kuvuma. Alaimenti ya nyuma, yaani jinsi magurudumu yalivyonyooshwa, ilikuwa imekaa vibaya, na matairi yalionekana hayajawahi kuhamishwa mbele na nyuma. Tangu siku hiyo, nikisikia mvumo husubiri lami ibadilike. Sauti ikibadilika pamoja na lami, nashuku tairi. Ikibaki ileile ila inazidi nikikata kona upande mmoja, hapo ndipo baringi naitilia shaka.

Matairi yale yalikuwa 225/45 R17. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu, kwa asilimia ya upana huo. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Piga hesabu: asilimia 45 ya 225 ni kama milimita 101. Kitabu cha gari kiliruhusu pia 205/55 R16, ambayo ubavu wake ni milimita 113, na 195/65 R15, yenye milimita 127. Magurudumu yote matatu yana kipenyo cha karibu sentimita 63, kwa hiyo spidomita haidanganyiki. Tofauti iko kwenye mto wa mpira na hewa uliopo kati yako na shimo.

Nikachukua 16. Ile ya 15 ingekuwa laini zaidi, lakini ubavu mrefu hulegeza kidogo usukani unapohama njia ghafla, na mimi husafiri mwendo mrefu. Anayezunguka mjini tu ningemwambia achukue 15 bila kusita, mradi rimu isiguse breki.

Dukani angalia mambo machache. Namba ya uzito isishuke chini ya ile ya kiwandani (91, kwa mfano, ni uwezo wa kubeba kilo 615 kwa kila tairi). Tairi lililoandikwa XL lina kiunzi kilichoimarishwa kwa mizigo, na mara nyingi ni gumu zaidi. Kama gari lako halilihitaji, usijitese. Zile tarakimu nne ubavuni, kama 2319, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira ukikaa sana hukakamaa na kupiga kelele hata kama haujagusa barabara. Na kama tairi lina lebo ya Ulaya, desibeli zilizoandikwa pale ni za kelele anayoisikia aliye nje. Wewe uliye ndani hukuhesabiwa.

Sasa upepo, maana hapa ndipo watu wengi tunapoharibu. Mjazaji atakuuliza, "Nijaze ngapi?" Ukinyamaza, anaweka PSI 40 (PSI ni kipimo cha msukumo wa upepo). Wengine husoma namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, kumbe ile ni kikomo chake. Ya kwako iko kwenye kibandiko, kwa kawaida kwenye fremu ya mlango wa dereva. Langu linataka PSI 33 mbele na 32 nyuma. Kwa 40 lilikuwa linarukaruka kwenye matuta, na kashata za katikati zikaanza kuisha kabla ya za pembeni.

Nikaingia kosa la pili: nikateremsha hadi 27 nikitafuta ulaini. Siku mbili tatu nilifurahi. Kisha nikapita daraja refu lenye upepo wa ubavuni, gari likayumba kama mlevi, nikawa nalirudisha kila mara. Zaidi ya hapo, tairi lenye upepo mdogo hujikunja sana, hupata joto na linaweza kupasuka. Sasa nachezea PSI 1 au 2 tu juu ya kibandiko, chini yake sishuki. Nikijaza abiria na mizigo nafuata namba za mzigo za kibandiko hichohicho.

Nunua geji (kipima upepo) yako mwenyewe, upime asubuhi gari halijatembea. Langu likiwa na 33 asubuhi, baada ya safari ndefu husoma 37. Hiyo 37 usiipunguze, ni joto tu. Ukiitoa, kesho asubuhi utaamka na 29.

Ukinunua mawili badala ya manne, mapya yafungwe nyuma, hata kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele. Nyuma ikiteleza kwenye maji, kuirudisha ni kazi.

Na ukiwa na geji mkononi, fungua buti upime spea. Yangu niliikuta na 11.