Kendwa au Jambiani kwa watoto wadogo?

Dada yangu, umeuliza ni ufuo gani wa Unguja utakaowafaa watoto wako wa miaka 3 na 6 katika likizo ya Agosti, Kendwa au Jambiani. Kwa umri huo ningechagua Kendwa, kwa sababu huko maji hayapwi mbali, mchanga ni laini, na upepo wa kusi, ambao mwezi huo huvuma kwa nguvu upande wa mashariki iliko Jambiani, hauwapigi moja kwa moja.

Jambiani napo ni pazuri mno, lakini bahari yake hupwa mbali sana, hasa wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpya na mwezi mpevu maji yanapojaa na kupwa zaidi, ikaacha madimbwi yenye vijisamaki na kaa ambayo huyo mkubwa atayachungulia asubuhi nzima. Mkienda huko wavalishe viatu vya mpira, maana kuna wanyama wa miiba myeusi inayokatikia nyayoni, na wasikanyage kamba za mwani, kwani hilo ni shamba la mtu. Waulize wavuvi saa ya maji kujaa, kwa kuwa kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Huyo mdogo, popote muendapo, awe mkononi mwako.