Altrasaundi inasema figo ziko sawa: mwenye kisukari atulie?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu, mkazi wa Ngamiani hapa Tanga, ana kisukari mwaka wa 14 sasa. Amepigwa altrasaundi, ripoti imeandika figo ya kulia sentimita 11.8, ya kushoto 12.1, "hakuna tatizo". Lakini jioni miguu humvimba. Tuiamini picha, au akapigwe CT (picha ya kina ya eksirei kwa kompyuta)?

JIBU: Marahaba. Iaminini kwa kile inachoonyesha: umbo la figo, na kwamba mkojo haujaziba njiani. Kama figo zinachuja vizuri, picha haisemi.

Figo ya mtu mzima huwa na urefu wa sentimita 9 hadi 12 hivi. Maradhi mengi sugu huzisinyaza, ndipo tunaona figo ya 7 au 8, ganda, yaani tabaka la nje, limekonda. Kisukari kina hila yake. Mwanzoni sukari huilazimisha figo ichuje kupita kiasi, inatanuka, na hata ugonjwa ukikomaa mara nyingi urefu haupungui. Hiyo 12.1 hainifurahishi wala hainitishi.

Tunatazama pia mng'ao wa figo kwenye picha. Ganda la figo yenye afya hulingana na ini au huwa jeusi kidogo. Likiwa jeupe kuliko ini, tunashuku limechakaa. Tatizo ni kwamba wengi wenye kisukari cha ukubwani wana mafuta kwenye ini, na ini la mafuta nalo hung'aa. Figo mbovu ikiwa pembeni yake huonekana ya kawaida kabisa. Mpimaji mwenye haraka hapo ndipo anapopitwa.

Kwa hiyo mama aanze na mkojo na damu. Kwenye mkojo ombeni uwiano wa albumini (protini ya damu) na kreatinini (taka ya misuli inayochujwa na figo), si kile kijiti cha kuchovya peke yake, maana hukosa albumini kidogo ya mwanzo. Majibu yakiwa miligramu 30 au zaidi kwa gramu ya kreatinini, rudieni: tunahesabu yaliyo mabaya mara mbili kati ya tatu ndani ya miezi 3 hadi 6, kwani homa au maambukizi ya mkojo huyapandisha. Kipimo cha damu hutoa kreatinini, na kutoka hapo tunakokotoa kiwango cha uchujaji. Kikikaa chini ya mililita 60 kwa dakika kwa zaidi ya miezi 3, huo ni ugonjwa sugu wa figo, picha ipendeze isipendeze.

Altrasaundi ina kazi zake, hasa huku pwani. Kichocho cha mkojo bado tunacho, na kovu lake huweza kuziba mirija, figo ikajaa mkojo. Kisukari nacho huua neva za kibofu, mtu akadhani amemaliza kukojoa kumbe nusu imebaki. Safari nyingine waombeni wapime kibofu kabla na baada ya kukojoa.

Miguu isisubiri. Huenda ni figo, huenda ni moyo, huenda ni kidonge cha presha tu; amlodipini ina tabia hiyo. Mpelekeni kliniki ya kisukari, hospitali ya Bombo au kituo chake cha kawaida, na dawa zake zote mkononi.

CT kwa sasa sioni sababu. Ikitokea daktari ameiagiza, na ni ile ya kudungwa dawa mshipani, kreatinini ijulikane kwanza, na mseme mapema kama anatumia metformini, dawa ya kisukari. Figo zikiwa dhaifu, dawa hiyo husimamishwa kwa muda.