Poke ya Hawaii: samaki kwanza, bakuli baadaye

Tuanze na jina la chakula hiki cha samaki mbichi, maana wengi hulitamka "poki". Ni po-ke, silabi mbili, vilevile kama Mswahili angelisoma. Kwa Kihawaii maana yake ni kukata vipande vipande, na hapo mapishi yote yameshasemwa. Wenyeji wa visiwa vile walimkata samaki mbichi, wakamtia chumvi ya bahari, mwani wauitao limu, na inamona, yaani kokwa ya mkukui, mti wa huko, iliyochomwa ikapondwa na chumvi. Sosi ya soya na mafuta ya ufuta viliingia baadaye, pamoja na vibarua wa Kijapani na Waasia wengine waliokwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Embe, mahindi na mayonezi ya rangi tatu ni mambo ya mikahawa ya Marekani bara na Ulaya, ya miaka ya 2010 hivi. Si makosa kuvila. Lakini ukiona bakuli lina vitu kumi na mbili, jua samaki amefichwa, na mara nyingi amefichwa kwa sababu.

Samaki mwenyewe ni ahi, jina la Kihawaii la jodari wa mapezi ya njano na yule wa macho makubwa. Kwenye mnada wa samaki wa Honolulu, jodari hunadiwa mmoja mmoja, na kila mmoja huchanjwa karibu na mkia ili mnunuzi aone rangi na mafuta kabla ya kutaja bei. Sisi wa dukani hatupati bahati hiyo, kwa hiyo tumia kidole na pua. Mnofu ung'ae, ukiubonyeza urudi, na usinuke chochote zaidi ya bahari. Rangi isikudanganye. Kuna jodari anayepulizwa kaboni monoksidi ili abaki na wekundu wa tikiti maji hata akishaharibika. Ulaya imekataza jambo hilo, Marekani wanaruhusu. Jodari asiyeguswa huanza kuwa hudhurungi baada ya siku chache jokofuni, na hiyo ni dalili ya ukweli wake.

Kinachoumiza watu zaidi kwa jodari ni joto. Akikaa bila barafu kwa saa chache tu, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama: uso unaiva, kichwa kinagonga, mdomo unawasha kama umetafuna pilipili. Histamini haiondoki kwa kupikwa wala kwa kugandishwa. Jodari aliyeshushwa dikoni bila barafu, akashinda juu ya meza, si wa poke, na hata wa kukaanga ana mashaka. Minyoo ni habari nyingine. Kanuni za Marekani hutaka samaki wa kuliwa mbichi agandishwe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7. Jodari wakubwa wamesamehewa, lakini nguru na kolekole hawamo kwenye msamaha huo, na friza nyingi za nyumbani huishia nyuzi 18. Mjamzito na mwenye kinga dhaifu waruke moja kwa moja hadi kwenye pweza, hapo chini.

Usione haya kununua jodari aliyegandishwa. Hata Hawaii kaunta nyingi huuza poke ya samaki wa aina hiyo, na bei yake ni nafuu. Tatizo ni namna ya kumyeyusha. Ukimwacha juu ya sinki atatoa maji mekundu na utamu wote utakwenda nayo. Mtoe kwanza kwenye mfuko uliofyonzwa hewa, kwa sababu humo ndani bila hewa ndimo bakteria wa botulizimu wanamopenda. Koroga gramu 30 za chumvi katika lita 1 ya maji ya uvuguvugu, mzamishe dakika moja au mbili mpaka uso ulainike, mfute akauke kabisa, mfunge kwa karatasi ya jikoni, kisha jokofuni usiku kucha. Kesho yake mnofu utakuwa umekaza.

Kukata kunataka kisu kikali na mvuto mmoja mrefu, si kusukuma kama msumeno. Ondoa mnofu mweusi wa ubavuni, una ladha ya chuma na ndio unaowahi kuharibika. Kisha tafuta mistari myeupe na ukate kuikatisha, vipande vya sentimita 2. Ukikata kuifuata, mlaji atatafuna uzi. Karibu na mkia mistari ni mingi mno: hapo kwangua nyama kwa kijiko na uichanganye na mayonezi na pilipili, ndivyo wanavyofanya kwa poke ya pilipili.

Kwa watu wawili: jodari gramu 450, chumvi ya mawe nusu kijiko cha chai, sosi ya soya vijiko 2 vya chakula, mafuta ya ufuta vijiko 2 vya chai, kitunguu kitamu nusu kilichokatwa vyembamba, majani mawili ya kitunguu, pilipili kiasi upendacho. Inamona ukiipata, kijiko kimoja cha chai kinatosha. Kokwa ya mkukui ikiwa mbichi huendesha tumbo vibaya, kwa hiyo usiijaribu bila kuichoma. Badala yake choma korosho mpaka ziwe kahawia ya kweli, si dhahabu, uziponde na chumvi. Limu inayopatikana kwa urahisi zaidi huitwa ogo, nyuzi nyembamba zinazotafunika kwa mlio.

Utaratibu ndio siri. Chumvi kwanza, juu ya samaki aliyefutwa, dakika 5. Kisha soya na inamona. Mafuta yaje mwisho, kwa kuwa yakitangulia hufunika kipande na chumvi haiingii tena. Kitunguu kitie dakika za mwisho kisije kikatoa maji. Jokofuni dakika 15 hadi 30, si zaidi ya saa moja au mbili: ukilaza usiku kucha, soya itamkausha samaki, awe mgumu na wa kijivu. Na ndimu iache pembeni. Asidi humgeuza mnofu kuwa mweupe, ukawa umepika kitu kingine.

Wali ni wa punje ya wastani inayoshikana, aina ya Calrose. Mchele wa Kyela unanukia vizuri, lakini punje zake hupenda kuachana, na hapo bakuli linakuwa changarawe. Osha mara tatu, kikombe 1 cha mchele kwa kikombe 1 na robo cha maji, na ukishaiva uache dakika 10 bila kufunua. Wali uwe wa moto, samaki awe baridi, vikutane mezani. Ukivipanga nusu saa kabla, vipande vya chini vitaiva.

Asiyetaka samaki mbichi aanze na pweza. Hawaii humchemsha kwanza. Mgandishe usiku mmoja ili nyuzi zilegee, mchemshe kwa moto mdogo dakika 45 hadi 60 kwa pweza wa kilo 1, apoe ndani ya supu yake, kisha mkate na umtie viungo vilevile.

Ukifika Honolulu, poke hupimwa kwa ratili ya gramu 454. Robo kilo na wali humtosha mtu. Uliza kama ahi ni mbichi au aligandishwa, na omba kuonja, ni kawaida tu. Pembeni chukua poi, yaani magimbi yaliyopikwa, yakapondwa na kuongezwa maji. Wageni huionja peke yake wakakunja uso. Nani hula ugali bila mboga? Chovya, kisha fuatisha kitu cha chumvi, kama lomi, ambayo kwa macho ya Mpwani ni kachumbari yenye samoni wa chumvi. Kalua, nyama ya kuokwa kwenye shimo la ardhini, kwa kawaida ni nguruwe, na laulau, nyama iliyofungwa kwa majani ya magimbi, mara nyingi ina nguruwe, ingawa ya kuku huuzwa pia.

Poke ikibaki, usiile mbichi kesho yake. Pasha kikaango mpaka kitoe moshi, imwage humo, nusu dakika kila upande ili katikati pabaki pekundu, kama unaipika usiku uleule. Ya kesho iive mpaka ndani, kisha iweke juu ya wali wa jana na yai la kukaanga.