Virusi vyenye majina mawili, andiko lenye matatu

*Nilikusanya data Mubende miezi minne, nikaandika sura nzima ya ripoti ya utafiti wa malaria. Ilipotoka, nimewekwa kwenye shukrani tu. Nidai?*

Dai, dada. Kanuni inayofuatwa na majarida mengi ya tiba ni hii: aliyechangia kazi kwa uzito, akaandika au kurekebisha andiko, akaridhia toleo la mwisho na kukubali kuliwajibikia, huyo ni mwandishi. Kukusanya data pekee hakutoshi, lakini wewe umeandika. Nenda na rasimu zako zenye tarehe, uongee na kiongozi wa utafiti kabla hujapanda ngazi za juu.

Suala hili linaniuma kwa sababu ya jambo lililoanzia hapa hapa Kampala. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliandika kuhusu uvimbe wa taya aliouona kwa watoto katika hospitali ya Mulago. Vipande vya uvimbe ule vilisafirishwa kwa ndege hadi London, na mwaka 1964 likatoka andiko la kutangaza virusi vilivyoonekana ndani yake. Waandishi walikuwa watatu: Epstein, Achong na Barr. Leo dunia nzima inaviita Epstein-Barr. Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad, mtaalamu wa hadubini ya elektroni, jina lake lilikuwa pale katikati, likarukwa. Nawafikiria pia wauguzi waliokesha na watoto wale wodini.

*Tunachomelea mageti wawili, Katwe. Mteja akija, mwenzangu husema "nimetengeneza".*

Usimuumbue mbele ya mteja. Jioni, mkishazima mashine, mwambie: "Ndugu yangu, fremu ulichomelea wewe, maua ya chuma nikayakunja mimi. Tuseme tumetengeneza." Risiti nayo iwe na majina na namba za simu zenu wote, maana mteja akiulizwa na jirani humtaja yule anayemjua.

*Bosi alinisifu mkutanoni kwa bajeti aliyoiandaa mwenzangu. Nilinyamaza. Nimechelewa?*

Bado. Mwandikie bosi leo, mwenzako apate nakala: "Bajeti ile aliipanga yeye, mimi nilihakiki hesabu tu." Basi, usiongeze maelezo. Nakuhimiza kwa sababu mimi niliwahi kungoja wiki mbili nikitafuta maneno mazuri. Nilipomwendea mwenzangu, nilikuta meza yake tupu, kikombe chake cha chai kimeondolewa. Alikuwa ameomba kuhamia idara nyingine.