Kupiga video ufukweni Bagamoyo: anza na jua, kamera baadaye

Ufukwe wa Bagamoyo unatazama mashariki, na hilo peke yake linaamua nusu ya picha zako. Asubuhi jua linatokea baharini. Ukimsimamisha mvuvi na maji yakiwa nyuma yake, uso unakuwa kivuli kitupu. Ukitaka uso na majahazi vionekane pamoja, njoo kuanzia saa 10 jioni, jua likiwa upande wa mji na linampiga usoni. Kama kazi ni ya asubuhi tu, wewe ndiye upe bahari mgongo; nyuma ya mvuvi pawe soko la samaki. Saa 5 hadi saa 8 mchana jua liko utosini na macho yanageuka mashimo meusi, hivyo mhamishie kivulini.

Usiiachie kamera ijiamulie mwanga. Tanga jeupe na mchanga unaometa huidanganya. Inapunguza mwanga, na ngozi nyeusi inapotea. Kwenye simu, gusa uso na ushikilie mpaka mwanga na fokasi vifungwe, ndipo urekodi. Anga likiwa jeupe mno, liache. Uso ndio habari.

Rekodi fremu 25 kwa sekunde, shuta (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) iwe sekunde 1/50. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo hata usiku kwenye vibanda vya pweza taa hazitapepesa. Kwa fremu 30 na shuta 1/60 nyingi hupepesa. Shida inakuja mchana: kwenye jua kali, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ikiwa 100 na shuta 1/50, lenzi itataka f/22, yaani tundu dogo sana. Ukitaka f/4, tundu pana zaidi, unahitaji filta ya ND32, kioo cheusi cha mbele ya lenzi kinachokata stopu 5; kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu. Wengi hukwepa gharama hiyo kwa kupandisha shuta hadi 1/1600. Mwanga unakaa sawa, ila miguu ya wacheza ngoma inaonekana kukatikakatika, na hakuna uhariri utakaoirudisha.

Kwenye mnada wa samaki ndipo penye kazi. Chukulia kuna mstari kati ya dalali na mnunuzi, ubaki upande mmoja wa mstari huo. Ukiuvuka, kwenye uhariri wote wawili watatazama upande mmoja kama wanaomsikiliza mtu wa tatu. Umati ukikusukuma ng'ambo, usizime kamera: endelea kurekodi unapovuka, ili mtazamaji avuke nawe. Piga pia picha za karibu za mikono, mizani, samaki ndani ya tenga, kila moja sekunde 10 bila kutikisika. Hizo ndizo zitakazoziba mapengo.

Mstari wa upeo wa bahari usipite shingoni wala katikati ya kichwa. Panda au shuka kidogo. Mshona nyavu aliyekaa chini apigwe kamera ikiwa usawa wa macho yake, na uache nafasi upande anaotazama.

Halafu kuna maji. Yanajaa kwa muda wa takriban saa sita, kisha yanapwa kwa muda kama huo, na siku za bamvua (maji makubwa) yanakwenda mbali sana. Mahojiano ya saa moja yanaweza kuanza na mashua ikielea na kuisha ikiwa imelala mchangani. Piga kwanza picha zote pana, za karibu zifuate.

Ukimaliza, usifute lenzi kwa fulana. Pulizia mchanga utoke kwanza, kisha tumia kitambaa laini chenye unyevu kidogo wa maji baridi yasiyo na chumvi, umalizie na kikavu.