Shangazi, njia ya Singida ni ndefu na binti yangu haongei

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi nina binti wa miaka 11, anakaa na mama yake hapa hapa Dodoma na mimi huwa nampata Jumamosi. Mwezi uliopita nikasema ngoja nimtoe kidogo, twende Singida akaone ziwa Singidani na yale mawe makubwa, tule kuku wa kienyeji halafu turudi siku hiyo hiyo. Kwenda tu ni kama kilomita 240. Basi shangazi, tumetoka saa kumi na mbili asubuhi, tumepita Bahi, tumepita Manyoni, mtoto kaweka hedifoni anaangalia dirishani, nikiuliza shule vipi anasema poa, bibi hajambo anasema hajambo, imeisha. Singida alifurahi kidogo. Kurudi ndo balaa, tulikula tukatoka kama saa nane, jua kali, barabara imenyooka pori kushoto pori kulia, tukiwa tumeshaipita Ikungi nikasinzia. Nilishtuka kwa sauti yake, "Baba!", gari limeshahamia upande wa pili na kwa mbali lori linakuja. Nikarudisha gari, nikasema samahani kuna shimo nilikuwa nalikwepa. Hakujibu. Tangu siku hiyo hakuna aliyeligusa hilo suala. Nataka kumtoa tena, nifanyeje njiani tuongee, na nifanyeje nisisinzie? Na je, nimwambie ukweli au niache kama lilivyo?
Baba wa Jumamosi, Dodoma

JIBU: Marahaba baba. Nimeisoma barua yako mara mbili nikashukuru Mungu kwa ile sauti ya mtoto.

Tuanze na usingizi maana bila hilo hayo mengine hayana maana. Ukiwa kilomita 80 kwa saa gari linakula mita 22 kila sekunde, sasa ule usingizi wa kuiba, wa kichwa kudondoka na kushtuka, unaweza kuchukua sekunde nne, hapo umeshaenda karibu mita 90 bila dereva, kwenye njia mbili zisizo na ukuta katikati na malori ya kwenda Rwanda, Burundi na Kongo yanapishana na wewe. Na usijilaumu kwamba ulilala vibaya jana yake, inawezekana ulilala vizuri tu. Barabara iliyonyooka inalaza. Mjini una bodaboda, matuta, taa, askari na tochi yake, akili ina kazi, ila kati ya Ikungi na Manyoni jicho linaona kitu kile kile dakika baada ya dakika na akili inajizima yenyewe. Ongezea sahani ya ugali kuku na saa nane mchana, saa ambazo mwili wa binadamu hata asiyekula huwa unalegea, hapo uliyakusanya yote kwenye safari moja.

Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya muziki hakusaidii baba, kunakudanganya dakika chache tu. Kinachosaidia ni kusimama. Ukijikuta unapiga miayo mfululizo, au hukumbuki umepitaje kijiji cha nyuma, au tairi limegusa mstari, hapo tafuta sehemu yenye watu, toka nje ya lami kabisa, kunywa kahawa kikombe kimoja halafu lala dakika 15 au 20, kahawa inaanza kufanya kazi wakati unaamka. Mwambie mtoto waziwazi, baba analala kidogo, niamshe saa ikifika hapa. Watoto wanapenda sana kupewa kazi ya maana. Na hata kama hujachoka, kila masaa mawili shuka mnyooshe miguu.

Tena mimi nakushauri Singida kwenda na kurudi siku moja uiache, kilomita 480 kwa dereva mmoja na mtoto ni nyingi mno. Ishieni Manyoni, ni karibu nusu ya njia. Na usidhani hakuna cha kuona! Hapo kabla ya Manyoni gari linapanda ukingo wa Bonde la Ufa, ukifika juu tafuta sehemu salama ya kuegesha mgeuke mtazame nyuma, tambarare yote ya Bahi mliyotoka iko chini yenu. Mwambie ardhi hapa ilipasuka ikadidimia, anayasoma hayo kwenye jiografia ila hajui ameshapita juu yake mara mbili na hedifoni masikioni.

Sasa kuongea. Maswali yako yote ni ya simu, shule vipi, bibi hajambo, hayo hata mjomba wa mbali anauliza, mtoto atajibu poa kwa sababu jibu lake ni poa. Anza wewe. Mwambie ulivyokuwa na miaka 11 ulikuwa unaogopa nini, au siku uliyopotea sokoni, hadithi yenye aibu kidogo, halafu nyamaza. Wala usihesabu dakika za ukimya. Kwenye gari hamuangaliani usoni, wote mnatazama mbele, na mtoto wa umri huo akiwa na jambo zito huwa analitoa hapo hapo ambapo hakuna macho yanayomsubiri, labda kilomita ya 70, labda safari ya tatu. Hedifoni usimnyang'anye, kubalianeni tu kutoka Bahi mpaka juu ya ukingo zinakaa kwenye begi. Mpe kazi ya kusoma namba za malori, zinazoanza na R za Rwanda, U za Uganda, za kwetu zinaanza na T, aandike kwenye daftari nani kapita mara ngapi, na kila mbuyu mkubwa kuliko wa mwisho autaje. Mbebe zabibu, Dodoma hazikosekani. Akae siti ya nyuma na mkanda, maana ukiwa na stori nzuri utasahau hata hilo.

Ila baba, msiwashe gari kabla hujalimaliza la shimo. Anajua hakukuwa na shimo. Aliona kichwa chako kinadondoka ndo maana akapiga kelele, na sasa amebeba peke yake siri ya kwamba baba yake nusura awaue na baba huyo huyo kamdanganya. Hedifoni za asubuhi zilikuwa za mtoto asiyekuzoea, ila ukimya wa jioni ile ni mwingine kabisa na usiuchanganye na ule wa kwanza. Mkalishe nyumbani, sio garini. Mwambie nilisinzia, hakukuwa na shimo, nilidanganya kwa sababu niliogopa, wewe ndo umetuokoa, nisamehe. Usiongeze "lakini". Akilia mwache alie. Na mama yake umwambie wewe mwenyewe kabla hajasikia kwa mtoto.

Halafu muulize kama anataka kupanda gari lako tena. Akisema hapana, au akisema sijui kwa ile sauti ya hapana, usimbembeleze. Tangu 2024 treni ya umeme inatoka hapo hapo Dodoma mpaka Morogoro, kateni tiketi mbili za asubuhi, yeye akae dirishani. Gari atalirudia yeye mwenyewe siku akitaka.